Mchele wa Bahari

Nianze na viatu vyake, maana ukijua habari ya viatu umemjua nusu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunika, na vilikaa mwaka mzima chini ya kitanda ndani ya mfuko wa sukari. Shambani alikwenda miguu mitupu. Kanisani alikwenda na ndala. Hata siku wakubwa wa kanisa walipopita Kabambare na watu wakatandika vitenge njiani, yeye alikuwa na ndala zake, moja ya bluu na moja ya kijani. Lakini akisikia kuna mtu amefika kutoka Kasongo, awe ndugu yake au mchuuzi wa chumvi asiyemjua kabisa, basi viatu vilitoka. Alivipaka mafuta ya mawese mpaka ving'ae, akavivaa, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuwa anapita tu.

"Mimi ni mutu ya Kasongo," aliniambia siku ya kwanza tulipoonana, kabla hajaniuliza jina. "Hapa nimekuja tu."

Alikuwa "amekuja tu" tangu kabla mimi sijazaliwa. Aliolewa Kabambare, akazaa Kabambare, akamzika mumewe Kabambare, na shamba alilolima lilikuwa limeshachosha majembe ya watu wengi. Ukimwambia hivyo anakujibu kwamba hata mzigo unakaa njiani, lakini unajua unakokwenda.

Mlango wake ulitazamana na wangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mume wangu ni mtu wa Maniema, mkoa wa Kongo ya mashariki ulio na Kabambare na Kasongo, mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, na tulionana Dar es Salaam alipokuwa akija kununua bidhaa. Nilimpenda, nikamfuata, nikavuka ziwa, nikapanda pikipiki mpaka mgongo ukakataa, nikateremka mbele ya mlango wa mwanamke huyu. Mdomoni nilimwita Mama. Humu nitamwita Jirani, na watu wa Kabambare wakisoma watamjua bila kuambiwa jina.

Kwetu Tanga, nilipotangaza kwamba naolewa Kongo, nyumba ilijaa kama ya msiba. Shangazi yangu alisema huko watu wanakula nyani. Dada wa jirani akasema wanakula watu. Mjomba, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Moshi, alieleza kwa utaratibu mkubwa kwamba huko hakuna sabuni, hakuna wali, na kwamba jua haliingii kwa sababu ya miti. Mama yangu alinifungia kanga, akalia, na siku ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu, unatoka kwenye ustaarabu unaingia porini. Ukichoka, rudi."

Sasa sikiliza ajabu ya hili neno pori. Watu wa Dar wanatuona sisi wa Tanga ni wa kusinzia. Sisi wa Tanga tunaona pori linaanzia Korogwe. Nimefika Kongo, nakuta Jirani yangu anaiona Kasongo ni mji na Kabambare ni pori. Watu wa Kabambare, ukiwatajia kijiji cha Wamaza, wanapindua midomo. Na watu wa Wamaza nao wana watu wao wa kuwacheka, wale walioko machimboni upande wa Lusangi, wanaochimba dhahabu na kulala chini ya maturubai. Wachimbaji wenyewe, waliotoka miji ya mashariki, wanatuona sote hatujui kuishi. Nimezunguka kote huko na bado sijafika mahali watu wanaposema: pori ndipo hapa.

Jirani hakuwa na aibu katika jambo hili. "Wamaza?" alikuwa akisema. "Kule iko pori. Watu ya kule wanalala na kuku." Nikimwambia kwamba hata yeye kuku wake wanalala jikoni, anasema wale ni kuku wa Kasongo, mama yao aliletwa na dada yake.

Sisi wa pwani pia tulikuwa na fungu letu. "Watu ya bahari wanakula samaki na maneno," alisema, na kila nikiongea Kiswahili changu cha Tanga alifunga macho kwa raha. "Unasema sawa radio. Endelea, hata kama hakuna habari." Aliamini kwamba kwetu hakuna anayelima, kwa kuwa ardhi yote ni mchanga, na kwamba mtu wa bahari hawezi kubeba mzigo kichwani kwa vile shingo yake imelainishwa na chumvi. Nilibeba ndoo ya maji kutoka kisimani mpaka kwake ili kuivunja imani hiyo. Nilifika na nusu ya ndoo, nguo zimelowa. Akaitazama ile nusu, akaniangalia, akasema, "Shingo iko sawa. Tatizo ni miguu."

Alikuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele. Alikaa mbele, akasinzia mbele, padri akimwona. Aliniambia kwamba mahubiri ni ya wenye dhambi mpya, yeye zake ni za zamani na Mungu anazijua. Sisi tulikuwa Waislamu, na katika mwezi wa kwanza nilikuwa na hofu ya chakula cha watu. Huku wanakula nguruwe wa pori, wanakula nyama za msituni nisizozijua, na mgeni hawezi kuuliza sufuria ilipika nini jana. Nilishapanga visingizio vya tumbo.

Sikuvitumia hata kimoja. Asubuhi moja Jirani alikuja na jogoo kwapani, na nyuma yake mzee mmoja wa msikitini akiwa na kisu. Jogoo alichinjwa mbele ya mlango wangu, si mlango wake, ili nione mwenyewe. Kisha akanionyesha sufuria iliyotundikwa msumarini juu ya mlango wa jiko lake. "Ile iko ya Waislamu," alisema. "Haijaonja nguruwe. Mama yangu alikuwa nayo ingine, na mama yake." Kumbe Kasongo ndivyo walivyoishi tangu zamani, Mkristo na Mwislamu ukuta kwa ukuta, na nyumba nyingi za Kikristo zina sufuria ya jirani. Hakuniuliza kama nina wasiwasi. Aliuondoa tu, kabla sijalazimika kuutaja, na kwa hilo peke yake ningemshukuru mpaka leo.

Lakini usije ukadhani alikuwa mtu wa upole. Mdomo wake ulikuwa na makali ya panga. Hakumsengenya mtu, hilo alilikataza nyumbani kwake. Alimtukana mtu mbele yake, kwa sauti, kisha akamkaribisha akae. Fundi aliyemwezekea paa vibaya alitukanwa akiwa bado juu ya paa. Mwalimu wa kwaya alitukanwa wimbo ukiendelea. Waliookoka na panga hilo walikuwa wageni peke yao. Mgeni akikanyaga mpunga, akimwaga maji, akiingia na viatu mahali pasipoingiwa na viatu, Jirani alinyamaza, na wewe mwenyeji ukitaka kufungua mdomo alikukata jicho. "Mugeni hakosi," alisema. "Njia njo inakosa," yaani njia ndiyo yenye kosa.

Basi nilijua siku niliyoacha kuwa mgeni. Nilimpelekea bakuli la sombe niliyoitwanga mwenyewe, majani ya muhogo na mawese, nikiwa na majivuno yangu. Akaonja. Akalisukuma bakuli kwa kidole. "Hii sombe unapikia watu ao mbuzi?" Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu huku nacheka na kufuta machozi, kwa furaha. Nilikuwa nimetukanwa. Nilikuwa mtu wa mtaa.

Nilipojifungua Rehema, binti yangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenipikia. Alikuja kila asubuhi na ile sufuria ya msumarini, akaniosha kwa maji ya moto yaliyonifanya nipige kelele, akanifunga tumbo kwa kitenge, akamkanda mtoto kwa mafuta ya mbegu za michikichi huku akimsema: "Weye, mutoto ya bahari, nyoosha miguu, hapa tunatembea." Mwili wangu ulirudi. Nyumba yangu ilikuwa na moto jikoni hata siku ambazo mume wangu yuko safarini.

Na hapo ndipo Mama alipopiga simu kutoka Tanga. Kupata mtandao ilibidi kupanda mlima nyuma ya soko, nami nilipanda na mtoto mgongoni. Nilitegemea kuulizwa mtoto anafanana na nani. Mama akaniambia, "Umejaribu, inatosha. Mjukuu wangu hakulii porini. Nakuja kuwachukua."

Nilishuka mlima. Sikutaka kuondoka. Pale nilikuwa na nyumba yangu, na mume mwema, na mlango uliotazamana na wangu. Lakini kwetu mama hakataliwi usoni, na mama akishatamka "rudi" mbele za watu, limekwisha. Mume wangu, ambaye angeweza kubishana na askari wa kizuizi mpaka jua lizame, aliinamisha kichwa. "Mkwe wangu akija mpaka hapa kuniomba binti yake," alisema, "mimi nitapata wapi mdomo wa kumkatalia?"

Nilikwenda kulia kwa Jirani. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Acha akuje," alisema. "Mutu hajaona, utamuambia nini?"

"Mama, akiona ndiyo atanichukua kweli."

"Basi aone muzuri."

Mama alifika mwisho wa masika, kwa basi mpaka Kigoma, kwa boti kuvuka ziwa, kwa pikipiki siku baada ya siku. Alipoteremshwa mbele ya mlango wetu miguu yake ilikataa kukutana. Alisimama nayo mbali mbali kama meza. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa uani kumpokea, wameoga, wamefunga vilemba. Jirani alikuwa mbele yao, na amevaa viatu vyeusi. Ikiwa mtu wa Kasongo anavaliwa viatu, nadhani alijiambia, sembuse mtu aliyevuka hata Ziwa Tanganyika.

Nyuma ya ile pikipiki kulikuwa na mfuko uliofungwa kwa mpira. Mama alisalimia, akambusu Rehema, akageuka kwa wale wanawake wote na kusema kwa sauti yake nzuri ya kualika harusini:

"Nimewaletea mchele. Nilijua huku hamna."

Naomba uelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Maniema ya kusini ni nchi ya mpunga. Kila mwanamke aliyesimama pale alikuwa na shamba la mpunga nyuma ya nyumba au ng'ambo ya mto. Viganja vyao vilikuwa vigumu kwa mchi. Mama alikuwa amepita katikati ya mpunga huo kwa siku nzima. Lakini mpunga wa huku haupandwi majini. Unapandwa mlimani, katika msitu uliofyekwa, baina ya visiki na magogo, na kwa mtu aliyezoea majaruba ya Mombo yale ni majani tu. Baadaye aliniambia alishangaa kuona nyasi nzuri namna ile na wala hakuna ng'ombe. Alikuwa amekumbatia mfuko wa mchele, akiupitisha kwenye mashamba ya mchele, kuupeleka kwa walima mchele.

Mume wangu alitazama ardhi. Mimi nilimshika Mama mkono haraka, nikamwongoza barazani nimnawishe miguu, na nikiwa nimeinama na birika niliona kwa jicho la pembeni Jirani akipita kati ya wanawake. Alimwinamia huyu sikioni, akamwinamia yule. Maneno machache tu. Sikusikia hata moja.

Kisha akaja. Akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili, akaupima uzito, akaitikia kwa kichwa.

"Aksanti, Bibi. Hii ni muchele ya bahari?"

"Ndiyo, mama," Mama alisema. "Wa Kyela. Huo hauna mfano."

Kyela, kwa asiyejua, iko bara kabisa, mbali na bahari kuliko hata Moshi ya mjomba wangu. Pwani nzima inajivunia mchele unaolimwa na hao hao tunaowaita watu wa bara. Lakini siku hiyo haikuwa siku ya jiografia.

"Muchele ya bahari, sisi hatuyakula hata siku moja," Jirani alisema, yaani hawajawahi kuula, na lilikuwa neno la kweli tupu. Akaagiza ungo. Akafungua mfuko, akamimina, akaanza kuwagawia: kila nyumba kiganja kimoja. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakapiga goti, wakakinga mikono miwili, wakafunga kile kiganja cha mchele kwenye pembe ya kitenge. Hakuna aliyecheka. Hata yule mke wa fundi baiskeli, anayecheka mpaka matangani, alipokea akiwa ameuma mdomo wake wa chini. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadaka. Mama yangu aling'aa.

Jioni hiyo akaniambia, "Umeona walivyofurahi, maskini? Ningejua ningeleta gunia."

Nilitaka kusema kweli. Nilimtazama Jirani aliyekuwa anafunika ungo, akanikata lile jicho lake.

Nia ya Mama ilikuwa kukaa siku chache na kuondoka nasi. Lakini mvua ya mwisho ilichukua daraja la miti kwenye njia ya ziwani, na pikipiki zikasimama. Alikaa. Alilalamikia choo, alilalamikia mbu, alilalamikia mawese kwamba yanatia kanga rangi. Kila siku alimwambia mume wangu kwa adabu kubwa kwamba njia ikifunguka tu, yeye na binti yake na mjukuu wake wataondoka, na kila siku mume wangu alisema, "Ndiyo, Mama." Mimi nilianza kukunja nguo za mtoto.

Jirani alimjia kila siku alasiri. Walikaa barazani, mmoja akisema kama redio, mwingine akichanganya Kiswahili na Kizimba, lugha ya huko, na walielewana kabisa katika kuwasema vijana. Alimletea chakula ndani ya ile sufuria. Habari ya mchele hakuitaja tena. Ukipikwa wali alisema tu, "Leo tunakula kidogo ya kwetu," kama mtu anayeomba radhi.

Mama ndiye aliyechoka kukaa. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akamwambia asubuhi moja. "Mbona mimi sipewi?"

"Jembe, hapana," Jirani alisema. "Wakati ya jembe imepita. Nitakupa kisu."

Alimpa kisu kidogo, cha kuficha kiganjani, na tukaenda sote, wanawake wa mtaa wa zamu ile, wale wanaovuna leo kwa huyu na kesho kwa yule. Shamba la Jirani lilikuwa ng'ambo ya kijito. Zile nyasi nzuri zilikuwa zimegeuka rangi. Zilikuwa za manjano toka kisiki hadi kisiki, zimeinama kwa uzito, na wanawake wakaingia wakikata suke kwa suke. Mama alisimama ukingoni. Alivuta suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akatazama kilichobaki. Kisha akatazama mlima mzima, na ule wa pili, na shamba la mke wa fundi baiskeli, na la jirani wa tatu. Akakaa juu ya gogo.

"Huu ni mpunga," alisema.

"Njo huo, Bibi."

"Wote huu?"

"Ya kwetu iko kadogo-kadogo," Jirani alisema, akiendelea kukata. "Ya kwako ilikuwa mikubwa."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Nilidhani analia, nikamsogelea; alikuwa anacheka, na analia pia, mabega yakimtikisika. Alipojifunua aliwatazama wanawake wale mmoja baada ya mwingine, wote waliokinga mikono siku ile. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanavuna kana kwamba mpunga haujawahi kuwa na haraka namna ile. Basi naye akainuka, akaingia shambani na kisu chake, na akavuna vibaya mpaka jua likawa kali.

Tukiwa njiani kurudi alinishika kiwiko, tukabaki nyuma. "Kwetu," alisema, "ningefanya hivi kwetu, mtaa mzima ungelala na kicheko changu. Wangenipa jina. Bibi Mchele. Ningekufa nalo." Tukatembea kidogo. "Mimi nilikulea nikakwambia ustaarabu ni stara. Kumstiri mtu. Nikakwambia huku hakuna. Na mimi ndiye niliyestiriwa, na watu wa huku."

Daraja lilipojengwa Mama alipanda pikipiki yake. Mbele ya mume wangu, mbele ya Jirani, alisema, "Nilikuja kuchukua watu wawili. Nawaacha. Wana mtu." Alimwekea Jirani mkono begani, na Jirani, ambaye siku hiyo pia alikuwa na viatu, alimpa mfuko mdogo wa mchele mpya alioutwanga mwenyewe. Mama aliufunga nyuma kwa mpira ule ule. Nilisikia baadaye kwamba alipofika Tanga aliwaita majirani, akaleta ungo, akawagawia: kila nyumba kiganja. Mjomba alipouliza kama kweli Kongo kunalimwa mchele, alijibiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Tangu hapo kila mume wangu akienda kununua bidhaa, Mama humpa mfuko mdogo. "Wa mwenzangu," anasema. Na kila mfuko uliofika, Jirani aliugawa vile vile, mtaa ukipiga vigelegele, ingawa sasa kila mtu alikuwa anacheka wazi, na yeye wa kwanza.

Mara nyingi nilimuuliza aliwaambia nini wale wanawake siku ile ya kwanza. "Niliwaambia wafunge midomo, inzi wasiingie," alijibu. Nilijua si hilo. Maneno ya inzi hayawezi kumfanya mke wa fundi baiskeli ashike kicheko chake. Lakini akishafunga jambo, alikuwa amelifunga.

Baadaye biashara ilituhamishia Kasongo. Siku ya kuhama Jirani alinitukana kutwa nzima: kwamba nafunga vyombo vibaya, kwamba nakwenda kuishi kwenye mji wake bila yeye, kwamba sombe yangu itamtia aibu huko. Nilimkumbatia akiwa bado anatukana.

Kisha mwanawe aliyeoa Wamaza akamchukua, kwa kuwa macho na miguu vilikuwa vimepungua. Wamaza! Niliposikia nilicheka peke yangu dukani. Mwanawe alituma salamu kwamba mama sasa anasahau. Anaweza kumwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe. Kwa hiyo mfuko wa mwisho ulipofika kutoka Tanga, sikumpa mtu aupeleke. Niliufunga nyuma ya pikipiki nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta uani, kwenye kiti kifupi, mpunga ukikauka juu ya mikeka pande zote za kiti. Amekuwa mdogo. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimwambia kwa sauti, "Mama, mugeni amefika. Ametoka Kasongo."

Akainua uso. "Kasongo? Viatu!"

Mkwewe akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari. Tulimsubiri. Miguu ilikuwa imevimba na viatu vilimkataa, lakini aliviingiza. Kisha akaninyooshea mkono, akanitazama vizuri kabisa, na nikaona kwamba hanijui.

"Karibu, mama," aliniambia. "Mimi ni mutu ya Kasongo. Hapa nimekuja tu."

Nikamwambia, "Mama, nimekuletea mchele." Nikauweka mfuko miguuni pake, katikati ya mikeka ile iliyojaa mpunga.

Mkwewe, binti mdogo asiyejua habari zetu, aliutazama mfuko, akaitazama mikeka, na kicheko kikamponyoka puani. Jirani akamvuta kwa kitenge mpaka sikio lake likafika. Alidhani ananong'ona. Masikio yake yamepungua pia, na nilisikia kila neno.

"Usimucheke. Amefikiri tuko na njaa, akatubebea chakula kutoka mbali vile. Mutu ya roho mubaya anaweza kufanya hivi?"

Ndilo alilowaambia wanawake wale siku ile ya kwanza. Nilisimama pale nikamwona Mama yangu na miguu yake iliyokataa kukutana, amekumbatia mfuko kuvuka nchi mbili na ziwa, na nikajua kwamba mtu wa kwanza kumwona sawasawa alikuwa mwanamke huyu, kabla yangu mimi mwanawe.

"Aksanti sana, mama," Jirani alisema sasa kwa sauti ya wageni. "Hii ni muchele ya wapi?"

"Ya bahari, Mama."

"Ya bahari! Sisi hatuyakula hata siku moja." Akamgeukia mkwewe. "Leta ungo. Ita majirani. Kila nyumba kiganja kimoja."

Wanawake wa Wamaza walikuja, wakapiga goti, wakapokea. Walipokwisha aliona bado nimesimama. Akachota tena, punje zikidondoka juu ya viatu vyake.

"Na weye, mugeni," aliniambia. "Usirudi mikono mitupu."

Nikapiga goti, nikakinga mikono miwili.